Plagi Iliyoganda

Malori makubwa yapitayo hapa Kalobeyei kwenda Lokichoggio hutumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Pikapu ya petroli, lakini, haiendi bila cheche, na plagi zikichakaa gari hutetema, hunywa petroli kupita kiasi na hugoma asubuhi. Mimi ni karani katika duka la nafaka. Pikapu ya tajiri wangu imekwisha kwenda kilomita zaidi ya 400,000, nayo ndiyo ichukuayo unga mchana, na mgonjwa usiku kumpeleka Kakuma.

Ilipoanza kukohoa, dereva alitaka tufungue plagi papo hapo, injini ingali moto. Nilikataa. Hedi yake ni ya aluminiamu, na hesi za aluminiamu yenye moto hung'oka upesi pamoja na plagi ya chuma. Tulingoja mpaka alfajiri.

Kwanza tulipuliza mashimo kwa pampu ya baiskeli, kwani vumbi la Turkana halina adabu, na mchanga ukiingia katika silinda hukwaruza kuta zake. Waya tulizitoa moja moja, zisichanganyike. Plagi tatu zilitoka bila ubishi mkubwa. Ya nne ilikuwa imekazwa na fundi fulani wa zamani kana kwamba haitafunguliwa tena mpaka kiama.

"Karani, tutie bomba kwenye spana, tuongeze nguvu," alisema dereva.

"La, ndugu yangu. Ikikatika humo ndani, hedi itafunguliwa ipelekwe Kitale."

Kutoka Lodwar tu mpaka Kitale ni karibu kilomita 300. Na wagonjwa je, wangechukuliwa na nani siku zote hizo?

Basi tuliilegeza kidogo sana, tukatia matone ya mafuta ya kulainisha kutu, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi tuliikaza kidogo, tukailegeza tena, tukatia mafuta mengine. Kila chuma kilipolia tulisimama. Kazi hiyo ilitushika karibu saa mbili. Plagi ilitoka nzima, imejaa masizi makavu meusi, dalili ya petroli nyingi na hewa haba. Tukafungua chujio la hewa, tukalikuta limezibwa na vumbi. Kuweka plagi mpya bila kulisafisha kungalikuwa kazi bure.

Plagi mpya tuliziingiza kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovikwa kichwani mwake. Hesi zikipishana, mpira huteleza kabla ya kuharibu kitu; spana haina huruma hiyo. Washa ilipokaa sawasawa, ndipo tulipoongeza nusu mzunguko kwa spana, basi.

Saa nne dereva alipakia magunia akashika njia ya Kakuma. Tajiri aliitaka ile plagi ya nne aione, akaigeuza-geuza mkononi, akaniuliza bei ya mpya, akaiandika katika daftari.