Kuuzunguka Mlima Longonot

Msomaji, ziko safari za mlimani ambazo mtu hupanda hata kileleni, akatazama nchi, akageuka na kurudi kwa njia ile ile aliyopandia. Katika safari ya namna hiyo aliyechoka aweza kugeuka wakati wowote, kwa kuwa kila hatua ya kurudi ni hatua ya kushuka. Kuzunguka mlima juu kwa juu ni jambo jingine kabisa, nami nataka kukueleza siku moja niliyoizungukia Longonot, mlima uliosimama peke yake katika Bonde la Ufa, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Naivasha.

Jina Longonot latokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, yaani mlima wa migongo mingi. Aliyeupa jina hilo nadhani aliujua kwa miguu yake, wala si kwa macho tu. Ni mlima wa volkeno, na juu yake pana shimo kubwa, upana wake karibu kilomita 2, lenye kuta zilizosimama wima na msitu wa miti chini yake. Wataalamu hukisia kuwa moto wake wa mwisho ulitoka katika miaka ya 1860. Hata leo mvuke hufuka penye nyufa za kuta. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai katika miaka ya 1883 na 1884, alifika ukingoni, akaandika kwamba shimo lile lilimvuta mno hata akashikwa na hamu ya kujitosa. Watu huyacheka maneno hayo mpaka wasimame pale wenyewe.

Njia nyembamba hufuata ukingo wa shimo pande zote. Kutoka lango la hifadhi, kupanda, kuzunguka na kushuka ni kilomita 13 na nusu. Katika nchi tambarare hayo ni matembezi ya kunyoosha miguu. Kule ni kazi ya siku.

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Tulitoka langoni saa moja na nusu asubuhi, kila mmoja na lita tatu za maji, kwa maana njiani hakuna kijito wala kisima. Tulipita vichaka vya leleshwa vyenye kunukia, tukafika ukingoni kabla jua halijakali, tukashika mkono wa kulia kuelekea kilele. Ardhi ya huko ni majivu ya kale, laini kama unga wa mahindi. Maji ya mvua yameichimba mifereji, hata pengine mtu hutembea kama aliye handakini, na pengine hupanda kwa mikono na magoti. Kilele chenyewe kina mita 2,776. Tuliona ziwa likimetameta, na mvuke mweupe wa mitambo ya umeme ya Olkaria. Hatukukaa sana, kwani upepo ulikuwa mkali.

Jambo lenyewe lilitokea baadaye, tulipofika upande wa kusini, huku mlima Suswa ukionekana nyuma yetu. Hapo tulikuwa tumeelekeana na mahali tulipopumzika asubuhi, shimo likiwa katikati. Macho yaliniambia ni karibu, kana kwamba mtu akipaza sauti atasikika. Lakini miguu haina daraja. Kurudi nyuma ni nusu ya mduara, na kwenda mbele ni nusu ya mduara.

Ndipo msuli wa paja ulipomkaza mpwa wangu, akaketi vumbini.

"Mjomba," akasema, "turudi tulikotoka. Njia ile naijua."

Nilimkanda paja, nikampa maji na chumvi kidogo. Hapakuwa na mtu mwingine ukingoni. Upande wa Nyandarua mawingu yalikuwa yakijikusanya, nayo mvua ikiyalowesha majivu yale, njia huwa utelezi, na kila upande wa njia ni mteremko. Nikamwonyesha kilele tulichokishuka: kurudi maana yake ni kukipanda tena kwa mguu mbovu. Mbele hapakuwa na kilele kirefu kama kile, bali nundu nyingi za ukingo, moja baada ya moja. Akazihesabu, akapata tisa. Mimi nikapata kumi na mbili.

"Kama ningekuwa peke yangu ningerudi," akasema.

"Kwa nini, nawe umeona kile kilele?"

"Kwa sababu ile nimekwisha iona, Mjomba. Hizi sijaziona."

Sikumjibu upesi. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na watu wazima wengi hukata mashauri makubwa kwa sababu hiyo hiyo, ila hawaisemi. Nikangoja. Baada ya robo saa hivi alisimama, akajaribu mguu, akatazama mawingu, kisha akaomba fimbo yangu.

"Twende mbele," akasema.

Nikamwambia atangulie yeye. Katika njia kama ile mwenye nguvu akitangulia humvuta mnyonge bila kujua. Na mnyonge, kwa haya, hukaa kimya mpaka aanguke. Basi mpwa wangu akawa kiongozi, nami nikafuata hatua zake fupi. Kwenye nundu ya nne paja lilimkaza tena, tukaketi, tukagawana chungwa. Matone machache yalianguka, yakatoboa vumbi, yakakoma; mvua yenyewe tuliiona ikinyesha mbali, upande wa Kijabe. Kuhusu hesabu, yeye alikosea na mimi nilikosea: nundu zilikuwa kumi na nne.

Tulifika langoni saa kumi kasoro robo. Mpwa wangu alikunywa maji vikombe viwili bila kusema neno, akavua viatu na kumwaga majivu. Kisha akaniuliza kama Suswa nao una njia ya kuuzunguka.