Kiti cha Darubini

Wasomaji wetu wengi hawana bunduki, wala hawatazamii kuwa nayo. Hata hivyo twaomba mtuvumilie, kwani jambo tutakalolisimulia lilitupata sisi wenyewe, walimu tunaosifiwa kwa kusoma, na aibu yake bado tunayo.

Sisi twakaa Mirongo, mjini Mwanza, karibu na mto ule upitao katikati ya mji na kumwaga maji yake ziwani. Mjomba wetu hukaa shamba, mbali na ziwa, naye amekuwa mwindaji mwenye kibali tangu ujana wake. Bunduki yake ni ya komeo, yaani ile ambayo mtu huinua mkono wa komeo, akauvuta nyuma ganda likatoka, akausukuma mbele risasi nyingine ikaingia. Namna yake ni ile ya Mauser iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898, na hata leo bunduki nyingi za kuwindia hufuata mfano huo. Risasi zake ni za milimita 9.3, namna aliyoitunga Otto Bock, fundi wa Berlin, mwaka 1905, akiwafikiria watu waliokuwa wakihamia Afrika, wapate risasi nzito katika bunduki isiyo ya bei kubwa. Chuma kitokacho mtutuni kina uzito wa gramu 18 na nusu, na bunduki inapolia humpiga mtu teke begani kama punda. Teke hilo mlikumbuke, maana ndilo kiini cha habari hii.

Mwaka 2021 Mjomba alituita. Macho yake yalikuwa yamechoka. Alengaye kwa alama za chuma hana budi kuona vitu vitatu kwa mara moja: mwanya ulio karibu na jicho, nundu iliyo mwisho wa mtutu, na mnyama aliye mbali. Kijana huweza, lakini mtu mzima akimwona mnyama vizuri, mwanya humpotea. Darubini humwondolea taabu hiyo, kwani ndani yake mnyama na msalaba wa nyuzi huonekana mahali pamoja. Mjomba alikuwa nayo darubini, zawadi ya mgeni mmoja aliyewahi kumfuatia nyayo porini. Alichokosa ni kiti cha kuikalisha juu ya bunduki.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe wasoma Kiingereza. Nitafutie."

Tukaitafuta orodha ya bidhaa, tukaisoma kwa majivuno. Darubini ilikuwa imeandikwa 4x32. Tukaona pete nyeusi nzuri zenye namba 30, nasi tukasema moyoni, 30 ni jirani ya 32, hizi zitafaa. Kumbe 4 maana yake ni kwamba darubini hukuza mara nne, na 32 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, lakini namba ya pete ni unene wa bomba la katikati, pale inaposhikwa. Bomba lile lilikuwa la milimita 25.4, yaani inchi moja kamili. Kama tungalichukua rula ya darasani tukalipima, habari hii isingaliandikwa.

Mtu aliyezifunga alipoona darubini yacheza ndani ya pete, alikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akavizungusha juu ya bomba, akakaza skurubu. Sisi tulikuwapo. Tuliona, tukanyamaza, kwa kuwa hatukutaka Mjomba ajue kwamba tumenunua vibaya. Mjomba akapiga risasi tatu kwenye ubao, si zaidi, maana risasi ni ghali. Zikakaa karibu karibu. Tukafurahi.

Siku iliyofuata tulikwenda porini, kibali mkononi, pamoja na askari wa wanyamapori. Njia ilikuwa ya mashimo na gari lilituruka-rusha muda wa saa nyingi. Mjomba akamlenga nyumbu dume aliyesimama kwa utulivu, kama hatua 100, mahali ambapo yeye hakosi. Mnyama alijikunja mgongo, akaondoka mbio. Mjomba hakuhitaji kuambiwa kitu. Mnyama ajikunjaye hivyo amepigwa tumboni, naye aweza kutembea siku nzima na mateso yake.

Tukafuata damu tangu asubuhi hata alasiri. Nyayo ziliingia katika kichaka kizito. Mahali kama hapo darubini ni mzigo. Mwindaji huitoa, akabaki na alama zake za chuma. Lakini kiti chetu kilikuwa cha kufungwa kwa bisibisi, nayo bisibisi tuliiacha garini. Hatujaenda mbali, mara kitu cheusi kikainuka mbele yetu, si zaidi ya hatua 12. Alikuwa nyati, mzee wa peke yake. Mjomba akainua bunduki begani, nasi tukamsikia akivuta pumzi. Baadaye alitueleza kwamba ndani ya darubini aliona nywele nyeusi tupu. Hakujua kama ni bega, au shingo, au matako. Askari naye alikuwa nyuma yetu na hakuweza kupiga bila kutupiga sisi. Nyati alikoroma, akageuka, akavunja miti kuelekea upande mwingine. Hatujui kwa nini alituacha.

Nyumbu tulimpata alfajiri ya kesho yake, au tuseme tuliyapata mabaki, maana fisi walikuwa wametutangulia. Mjomba, ambaye njiani husimulia hadithi mpaka watu wakachoka kucheka, hakusema neno hata tulipofika nyumbani. Hapo ndipo tulipomwambia habari za namba 30. Akatutazama kitambo, akasema, "Mwalimu, ungeniambia pale pale." Kisha akaenda kunawa.

Tuliporudi Mirongo tuliwapa watoto wa darasa la saba hesabu hii ubaoni, bila kuwaambia ilikotoka. Pete mbili zimeachana sentimita 10. Pete ya nyuma ikisogea sehemu ya kumi ya milimita, ambayo ni kama unene wa karatasi ya daftari, risasi itakosea kiasi gani kwa mita 100? Sehemu ya kumi ya milimita katika sentimita 10 ni moja katika elfu. Basi katika mita 100 ni sentimita 10. Na ikisogea milimita nzima, kama mpira wa baiskeli uwezavyo kubonyea, ni mita moja. Mtoto mmoja wa kike alimaliza kabla hatujaweka chaki chini.

Basi tulianza upya, safari hii kwa kuuliza. Tulijifunza kwamba viti ni vya namna nyingi, lakini kwa mtu kama Mjomba namna tatu ndizo za kufikiriwa. Ya kwanza ni ya pete zifungwazo kwa skurubu moja kwa moja. Ni rahisi, na ikiwa pete ni za kipimo chake hushika sana. Kwa mtu awindaye uwandani tu hatuoni haja ya kumtafutia nyingine. Ya pili ni ile ya Wajerumani, yenye kucha chini yake ziingiazo katika matundu ya chuma. Huondoka kwa kubonyeza na kurudi mahali pake pale pale, nayo ni kazi ya kupendeza macho. Lakini fundi bingwa hana budi kuisugua kwa tupa mpaka kila kucha ikubaliane na tundu lake, na bei yake ilitufanya tufunge kitabu. Ya tatu ni ya pete zenye vishikizo vidogo ubavuni: ukivigeuza kwa kidole, darubini yatoka mkononi mwako bila chombo chochote.

Tukachagua hiyo ya tatu, ya chuma cha pua, kwa pete za milimita 25.4. Tulipima mara tatu.

Tulimpelekea fundi wa bunduki mwenye kibali, naye alituonyesha mambo mawili ambayo orodha haikutuambia. Mkono wa komeo la Mauser ya zamani ukiinuliwa hugonga darubini iliyokaa chini, kwa hiyo hupaswa kupindwa. Tena bawa la usalama lililo nyuma ya komeo husimama wima likiwa katikati, nalo huzuiwa na darubini. Yafaa kubadilishwa na lingine liendalo kando. Wengine hukwepa gharama hizi kwa kuinua kiti juu sana. Hapo shavu halikai tena juu ya tako la bunduki, na mtu hulenga amenyoosha shingo kama kuku anywaye maji. Sisi twaona heri kulipa. Fundi akapangusa mafuta yote katika matundu ya skurubu kabla ya kuzikaza, akazikaza kidogo kidogo kwa kupokezana, akaisogeza darubini mbele hata ikawa sentimita 9 mbali na jicho. Karibu kuliko hapo, teke huirudisha ikachana nyusi. Mjomba anayo alama ya jambo hilo tangu zamani, bunduki ikiwa ya mtu mwingine.

Gharama tulilipa sisi, kwa miezi minne.

Kisha tukakijaribu kiti kama ipasavyo. Risasi tatu, darubini ikatolewa, ikarudishwa, risasi tatu tena, ikatolewa tena, mpaka zikaisha 12. Zote zilifunikwa na kisahani cha chai.

Tumekwenda naye porini mara mbili tangu siku hiyo. Tukifika ukingoni mwa kichaka Mjomba husimama, hugeuza vishikizo, huifunga darubini katika kitambaa na kutupa tuibebe. "Shika mzigo wako, Mwalimu," husema, kisha huinama chini ya matawi na kutangulia.