Nani Anashika Kibodi?

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, kikundi cha kompyuta hapa Nakivale. Tunaongea juu ya mchezo. Msicheke kwanza, tusomeni mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe ni Minecraft, wa kampuni ya Mojang ya Sweden, uliotolewa rasmi mwaka 2011. Unachimba, unalima, unajenga, na usiku ukifika unajificha usiliwe na majitu. Wengi mnaujua wa kwenye simu. Sisi tunatumia ule wa kompyuta, Java Edition, kwa sababu una amri za kupanga timu ambazo wa simu hauna. Tuko na laptopu sita na ruta moja. Moja ya hizo sita ndiyo seva yetu, na inabeba mchezaji pia.

Mwanzoni hatukupanga timu yoyote. Wadogo zetu walijipanga wenyewe. Wa Kirundi wakajenga mlimani, Wasomali wakaenda zao mtoni, na sisi wa Kongo tukagawanyika tena mara mbili, mnajua kwa nini. Haikupita muda wakaanza kubomoleana nyumba. Halafu yakaja matusi, yale yale ambayo wazazi wetu waliyakimbia. Tena yakatoka kwenye skrini yakafika mpaka kwenye foleni ya maji. Watoto wawili wakaacha kuja. Hapo sasa hatukuwa tunaongea juu ya mchezo tena.

Basi tukakaa tukasoma amri. Ukibonyeza alama ya mkwaju kwenye kibodi, mstari wa kuandika unafunguka. Tukaunda timu mbili, tukazipa majina ya vitu ambavyo kila mtu hapa anaviona na havitoki kwa mtu yeyote:

/team add ziwa
/team add kilima

Kisha tukawagawa kwa bahati:

/team join ziwa @r[team=,limit=3]
/team join kilima @a[team=]

@r maana yake chagua yeyote bila kuangalia uso, na limit=3 ni watu watatu. @a ni wote. Ile team= iliyoachwa wazi inaita wale ambao hawana timu bado. Kwa hiyo mstari wa kwanza unachukua watatu, wa pili unachukua wote waliobaki. Hakuna anayesimama pembeni akingoja kuchaguliwa. Wale mliowahi kubaki wa mwisho kwenye mpira kwa sababu hamjui lugha, mtatuelewa.

Tukaongeza rangi, /team modify ziwa color blue, ili jina la mchezaji lionekane la bluu. Tukaandika pia /team modify ziwa friendlyFire false, na kilima vile vile. Manake mchezo usipoambiwa, unaruhusu watu wa timu moja kuumizana. Ukiandika false, upanga wako haumdhuru mwenzako. Lakini amri hiyo haizuii kubomoa nyumba ya mtu. Hilo tulilazimika kukubaliana kwa mdomo, na tunalirudia karibu kila Jumamosi.

Kuna jambo jingine kuhusu amri hizi. Mchezaji hawezi kuwa kwenye timu mbili. Ukimwandikia join mpya, anatoka kwenye ya zamani palepale, na mchezo haumuulizi. Anashtukia tu jina lake limebadilika rangi. Na wa kuandika ni yule tu aliyepewa ruhusa, anayeitwa op. Msichana mmoja wa miaka kumi na mbili alituuliza: "Sasa huyo op, nani alimchagua?" Tulinyamaza wote.

Ndipo tukaweka kanuni tatu. Op anabadilika kila wiki: tunampa kwa /op na jina lake, wiki ikiisha tunamtoa kwa /deop. Kabla ya kuandika amri, anaisema kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie. Na mtu akisema sitaki kuhamishwa, hahamishwi siku hiyo, anaulizwa kwa nini.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kwanza walikuwa wanaitana tu: leta mawe, funga mlango, jitu linakuja. Kisha Mrundi na Msomali wakajenga daraja moja, wakagombana juu ya daraja hilohilo, wakalimaliza. Mmoja wa wale wawili walioacha amerudi. Wa pili bado hajarudi, tunamngoja.

Kwenu nyinyi wa mashirika: tunajua bila orodha kazi haiendi. Familia lazima ziandikwe, maeneo lazima yagawanywe. Sisi wenyewe tulipopata watoto sita tu tulihitaji orodha. Tunachoomba ni kile alichoomba yule msichana. Kabla ya kubonyeza, semeni kwa sauti mnachoandika, na mtuache tuulize. Mtu anayesikia sababu anaweza kukubali hata jibu asilolipenda. Anayeshtukia rangi yake imebadilika, huyo anabaki na hasira.

Na kwetu vijana: tunalalamika kwamba wengine wanatupanga, lakini sisi pia tuko na kibodi zetu. Kwaya, timu ya mpira, kikundi cha WhatsApp. Mgeni akifika kesho hana timu, nani atamwita?

Ndugu wa Nyarugusu, Kakuma, Kyangwali, tuandikieni: kwenu timu mnazigawanyaje?