Nani Atanizika?

Mwaka niliorudi nyumbani kutoka masomoni Uingereza, nilimsimulia baba yangu mkubwa kwamba Jumapili nyingi nilizokaa London nilizitumia katika kusanyiko la watu wasioabudu. Mzee yule, aliyekuwa katekista kwa miaka mingi, hakunikemea. Alinyamaza, akaweka kikombe cha chai chini, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, na mmoja wao akifa, nani humzika?"

Siku ile nilimjibu kwa haraka. Miaka iliyofuata imenionyesha kuwa jibu langu lilikuwa pungufu, na ndiyo sababu naandika.

Sikupelekwa Conway Hall na falsafa. Nilipelekwa na upweke. Nilikulia mahali ambapo mtu akikosekana ibadani, jioni haijafika jirani amekwisha bisha hodi kuuliza kama anaumwa. London niliweza kumaliza Jumapili nzima bila mtu kulitamka jina langu. Tangazo la mhadhara kuhusu historia ya ukoloni likanifikisha Red Lion Square. Katika bustani ile ipo sanamu ya Fenner Brockway, mbunge aliyeongoza Movement for Colonial Freedom iliyoundwa mwaka 1954, na ambaye hakuchoka kuisemea Kenya bungeni wakati wa hali ya hatari. Brockway alikuwa pia mmoja wa wahadhiri wa kusanyiko lililokuwa likikutana katika ukumbi ule. Kwa hiyo hata kabla sijaingia mlangoni, nilihisi kuwa habari zetu zilikwisha kufika pale zamani.

Historia ya kusanyiko hilo ni ya kushangaza. Lilianza mwaka 1793 likiwa kundi la Wakristo waliokataa kusadiki kwamba Mungu mwema anaweza kumchoma kiumbe wake motoni milele. Mwaka 1824 walihamia kanisa lao la South Place. Mwaka 1864 wakampata mchungaji Mmarekani, Moncure Conway, mtoto wa familia ya wamiliki wa watumwa huko Virginia, ambaye aligeuka kuwa adui wa utumwa. Chini yake sala zilikoma. Mwaka 1888 kusanyiko likajitangaza kuwa chama cha maadili, na mwaka 1929 likafungua ukumbi mpya uliopewa jina la Conway. Ni kanisa lililojihoji hatua kwa hatua mpaka ibada ikaondoka, lakini watu wakabaki, na Jumapili ikabaki.

Wenyewe hujiita wahumanisti; mimi kwa Kiswahili nimezoea kuwaita watu wa utu. Asubuhi kulikuwa na mhadhara, na mhadhiri hakushangiliwa tu akaenda zake: alipigwa maswali mpaka akaomba maji. Mwalimu mstaafu na kijana mwenye duka la baiskeli walibishana naye kwa usawa. Baadaye palikuwa na chai, na hapo ndipo nilipokuja kuelewa kwamba chai ile haikuwa nyongeza ya ratiba. Wakati wa chai ndipo ilipojulikana nani amelazwa, nani amefukuzwa nyumba, nani anahitaji mtu wa kumsindikiza kwa daktari. Jioni za Jumapili ulipigwa muziki wa ala, desturi waliyoirithi tangu karne ya 19. Sikuuelewa muziki ule, lakini niliuhudhuria, kwani palikuwa na watu waliokuwa wameniwekea kiti.

Katika mwaka wangu wa pili mama yangu alifariki. Sikuwa na nauli ya kuwahi mazishi. Nilimwambia mtu mmoja tu, wakati wa chai, nikaondoka. Kesho yake jioni walibisha hodi watu watatu, wamebeba supu na mkate. Mama mmoja wa makamo aliniuliza, "Kwenu hufanya nini siku kama hii?" Nikamweleza kwamba kwetu watu huja wakakaa. Hawana la kusema. Wanakaa tu, wengine hulala sakafuni. Akavua koti. Walikaa mpaka usiku mkubwa, na siku ya tatu wakaja tena. Hakuna aliyeniambia mama yuko mbinguni, wala hakuna aliyeniambia hayuko.

Ndiyo maana nilipoulizwa swali lile nilijibu kwa fahari: "Wanazikana, baba. Nimehudhuria." Na kweli nilikuwa nimehudhuria. Mwanachama mmoja mzee alipofariki, msimamizi wa shughuli alikuwa amekaa na familia kwanza, akasikiliza habari za maisha yake, kisha akazisimulia mbele ya jeneza bila kuficha ukaidi wa marehemu. Halafu akaomba ukimya wa dakika chache, ili kila mtu amkumbuke apendavyo, na mwenye kusali asali. Dada wa marehemu, aliyekuwa Mkatoliki, alishika rozari yake pale pale.

Baba mkubwa alitikisa kichwa. "Hao ni wa huko," akasema. "Wewe nakuuliza wa hapa."

Sikuwa na jibu. Nililihitaji miaka kadhaa baadaye, alipofariki mwenzangu tuliyefundisha naye. Alikuwa mtu mkarimu, na kwa muda mrefu alikuwa amesema waziwazi kwamba hana dini. Aliniambia mara mbili, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba hataki asomewe ibada asiyoiamini. Alipofariki, upande wa baba ulidai ni wao, upande wa mama ukadai ni wao, kila upande na dini yake. Makaburi ya mji wetu yamegawanyika sehemu mbili. Mhudumu aliuliza swali la kikazi tu: "Anakwenda upande upi?" Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika daftari la rambirambi. Nilijua jibu. Nikanyamaza.

Amezikwa kwa heshima, na watu wengi walimlilia. Siwalaumu ndugu zake: walikuja na turubai, na sufuria, na machozi. Mimi niliyejua wasia wake nilikuja na mchango wa fedha na woga. Ningesema nini? "Msimzike ninyi, tutamzika sisi"? Sisi nani? Tulikuwa watu sita ambao kwa miaka kumi tulikutana kujadili dhamiri na uhuru, na hatukuwahi hata siku moja kukubaliana nani atachimba kaburi la mwenzake.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wanaharakati wanisikilize. Kuikosoa dini ni haki yenu, lakini dini katika mitaa yetu haisimami kwa hoja peke yake. Inasimama kwa jumuiya ndogo ndogo, kwa kinamama wanaopika msibani, kwa mtu anayejua kuwa mlango wa jirani haujafunguliwa tangu jana. Anayetaka kuishi nje ya dini bila kujenga chochote cha namna hiyo anajitayarishia upweke, na anawaachia ndugu zake mzigo.

Na ninyi watumishi wa umma mnisikilize pia. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Uhuru huo haukomi mbele ya mlango wa makaburi. Afisa anayeuliza "upande upi" angeweza kuuliza kwanza: "Je, marehemu aliacha neno?"

Baba mkubwa naye ametutoka, akazikwa na kanisa lake kama alivyopenda, nami nilibeba jeneza. Tangu hapo wale sita, sasa tukiwa watano, tumefanya jambo dogo. Kila mmoja ameandika wasia wake wa mazishi, familia zetu zimeusoma, na tunachanga kila mwezi. Mwenzetu mmoja anataka asomewe dua, nasi tumekubali. Mgonjwa tunamtembelea kwa zamu. Mjadala umebaki, ila siku hizi unaanza baada ya chai, tukishaulizana nani hakuja na kwa nini.