Hewa iliyojificha kwenye injini

Kwa miaka minne, gereji ya nyumba moja katika jimbo la Minnesota, Marekani, haijalaza gari. Inalaza ndege. Baba, Mkenya aliyehamia huko akiwa kijana, anaiunda mwenyewe kila wikendi, na bintiye wa miaka 13 ndiye msaidizi wake. Mama huwaletea chai na kurudia neno lile lile: mtoto hapandi kitu hicho mpaka yeye mwenyewe aridhike.

Wiki hiyo injini ilikuwa ikipata joto kupita kiasi. Ni Rotax 912, inayotengenezwa Austria. Silinda zake hupozwa na upepo, lakini silinda hedi hupozwa na kulanti. Rejeta haikuvuja, pampu ilikuwa nzima, tenki limejaa. Baba akaanza kutaja bei ya rejeta kubwa zaidi.

Binti alisogeza kiganja karibu na mipira minne inayopandisha kulanti kutoka silinda hedi hadi kwenye tenki.

“Baba, huu mmoja hauna joto kama wenzake.”

Ndio mpira ambao baba aliupindisha juu ili usikaribie ekzosi. Pindo lilikuwa limepita usawa wa tenki, na hewa, ambayo daima hukimbilia juu, ikakwama hapo na kuzuia kulanti.

Kwa pupa, baba akashika kifuniko cha tenki. Binti akamdaka mkono. “Si wewe ulisema tusifungue ikiwa moto?” Kulanti ingeruka usoni mwao. Baba akanyamaza, akaenda kunywa chai yake.

Injini ilipopoa kabisa, walifupisha mpira upande moja kwa moja hadi kwenye tenki. Wakamimina kulanti polepole huku binti akiminyaminya mipira, na mapovu yakatoka. Wakawasha, wakaacha ipoe, wakaongeza, mara tatu. Binti akafuta kila tone sakafuni, maana kulanti ni tamu na ni sumu, na mdogo wake hulamba kila kitu.

Mshale wa joto ukatulia. Hata hivyo baba ataanza kuruka peke yake, kwani ndege ya aina hii hufanyiwa majaribio bila abiria, mara nyingi kwa saa 40.

Mama hakumuuliza baba. Alimgeukia binti: “Wewe ungepanda?”

“Bado, Mama. Kwanza niangalie kulanti kesho asubuhi.”