Kona ya Bomba

Katika milima ya Masisi maji hayahitaji kusukumwa. Yahitaji kuongozwa tu. Chemchemi iko juu, watu wako chini, na bomba hulazimika kupinda kila penye jabali au ukingo. Nami, niliyefundishwa hesabu seminarini, nilidhani kazi hiyo ni ndogo.

Wazazi wa shule yetu walikuwa wamechanga fedha ili maji yafike uani, watoto wasiteremke tena mtoni alfajiri. Fundi wetu alikuwa mzee asiye na shahada. Kona ya kwanza ilikuwa ya pembe mraba: upande mmoja sentimeta 100, wa pili 60, tukipima hadi mistari miwili ikutanapo. Asiyejua atakata sentimeta 160, na bomba litazidi. Maana bomba halifiki penye ncha ya pembe, bali hukata njia kwa tao. Nusu kipenyo cha tao letu, tukipima katikati ya unene wa bomba, kilikuwa sentimeta 20. Basi kila upande tuliupunguza 20, zikabaki 80 na 40. Tao lenyewe, robo ya duara, ni 31.4. Jumla 151.4: makato 8.6. Fundi akalijaza bomba mchanga mkavu lisibonyee, akalipasha moto, akalikunja. Likaingia mahali pake barabara. Nilisifiwa, wala sikuichukia sifa.

Katika kona ya pili bomba lilipaswa kugeuka digrii 45 tu. Pande zake zilikuwa 70 na 50. Mzee akasema, “Mwalimu, tuichore kwanza chini, kwa ukubwa wake.”

Nikajibu, “Mzee, hakuna haja. Pembe ni nusu, basi na makato yawe nusu.”

Akanyamaza kwa heshima, akakata 115.7. Bomba likapungua zaidi ya sentimeta tatu, nalo lilikuwa kipande cha mwisho.

Hakunicheka. Alitandaza kamba mbili kufuata njia ya bomba, kisha akachora, upande wa ndani, mstari ulio sentimeta 20 kutoka kila kamba. Mistari hiyo ilipokatana akapigilia kigingi, na kwa uzi wa sentimeta 20 akazungusha tao. Likagusa kila kamba sentimeta 8.3 tu kutoka penye ncha. Mara mbili yake ni 16.6, tao ni 15.7. Makato ya kweli hayakufika hata sentimeta moja! Pembe ilipungua nusu, makato yakapungua karibu mara kumi. Ile kanuni ya tatu niliyowafundisha watoto kwa fimbo ya kuonyeshea, mimi mwenyewe niliitumia mahali pasipo pake.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wazazi, nikaeleza kosa ni la nani, maana wengine walikwisha anza kumnung’unikia mzee. Bomba jipya nililinunua kwa mshahara wangu. Lakini majuma matatu tuliyolingojea sikuweza kuyalipa: kila alfajiri niliwasikia watoto wakipita na madumu yao.

Leo maji yanatoka uani. Ninapofundisha duara, nawatoa wanafunzi nje pamoja na kigingi na uzi, na mzee yule huja kutuonyesha. Kuuliza si ujinga, wasomaji wapenzi, ujinga ni kuambiwa “tuichore kwanza” ukajibu “hakuna haja.”