Mashine Ikishaandika, Nani Atauliza?

Leo tuweke msimbo kando tuzungumzie karatasi.

Kabla timu haijaandika hata mstari mmoja wa programu, inafaa kuwe na hati inayoeleza programu hiyo ni ya nani, itafanya nini, haitafanya nini, na tutajuaje kwamba imefaulu. Mimi huiita hati ya mahitaji. Sijakutana na mtengenezaji programu anayefurahia kuiandika. Ndiyo maana tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, na wenzake wakafuata, wengi wetu tumeiachia akili bandia kazi hiyo. Unaipa maelezo machache, unaenda kunywa chai, ukirudi unakuta kurasa kumi na mbili.

Nasi hapa Kagio tumefanya hivyo. Kwa wasiopajua, Kagio ni mji wa soko katika kaunti ya Kirinyaga, kwenye barabara ya kutoka Sagana kwenda Kutus, jirani na mashamba ya mpunga ya Mwea. Nyanya ni biashara kubwa hapa. Kikundi kimoja cha wakulima kilitaka mfumo mdogo wa simu: mkulima aandikishe mzigo wake, apate bei kwa SMS, alipwe kwa M-Pesa. Hakuna mfadhili. Pesa ya kazi ni michango ya wanachama wenyewe. Tukiwatengenezea kitu kisichofaa, tumekula mbegu na karo za watu.

Nianze na sifa, maana mashine inastahili. Rasimu ilitaja mambo ambayo binadamu aliyechoka husahau. Mkulima akibadilisha laini itakuwaje? USSD ikikatika katikati, mzigo utahesabiwa au la? Mume na mke wakitumia simu moja, pesa ni ya nani? Hayo yote yalikuwa maswali mazuri.

Shida ilikuja kwenye kikao cha timu. Zamani hati zetu zilikuwa kurasa mbili zilizojaa alama za kuuliza. Kikao kilichukua saa tatu na kelele zilisikika hadi barabarani. Safari hii tulimaliza kwa dakika ishirini. Kila mtu alisoma, akatikisa kichwa, akasema iko sawa. Hapo ndipo mimi nilipoingiwa na wasiwasi, nikaomba tusipitishe kitu siku hiyo. Hati iliyopangwa vizuri inamfanya mtu aone haya kuuliza, hasa kijana aliyejiunga na timu juzi. Inaonekana kama kuna mtu ameshafikiria yote, na kumbe hakuna.

Tukaibeba hadi sokoni, mstari kwa mstari. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kwanza, rasimu ilisema bei itaonyeshwa kwa kilo. Mama mmoja anayeuza hapa miaka mingi alicheka: "Kijana wangu, nani amekwambia nyanya zinapimwa hapa?" Zinauzwa kwa kreti za mbao. Orodha za bei za serikali ziliwahi kulihesabu kreti kubwa kuwa kilo 64, lakini kreti za sokoni hazilingani, na ugomvi wa mkulima na broka huanzia hapo hapo. Mfumo usiojua kreti haujui ugomvi ulipo.

Pili, rasimu ilisema ujumbe utatumwa kwa Kikuyu, usizidi herufi 160. Inasikika vizuri. Lakini Kikuyu kikiandikwa sawasawa kina ĩ na ũ, na herufi hizo hazimo katika seti ya kawaida ya SMS. Ukiweka moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 unagawanywa mara tatu, na unalipia SMS tatu. Kwa kikundi kinachochanga, hiyo ni pesa. Kuandika bila alama ni nafuu, lakini huo ni uamuzi wa wenye lugha na wenye pesa. Mashine haina kura hapo.

Tatu, ilisema mkulima atalipwa "mara tu mnunuzi anapothibitisha kupokea mzigo". Mnunuzi yupi? Broka aliye shambani, au yule wa Marikiti, Nairobi, anayefungua kreti alfajiri na kukuta za chini zimepondeka? Sentensi moja laini ilikuwa imefunika swali kubwa kuliko yote: hasara ya njiani ni ya nani? Wanachama walibishana mchana mzima. Ubishi huo ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Kwa hiyo sasa tuna kanuni. Mashine inaandika rasimu, sawa. Lakini kila mstari lazima uonyeshe ulikotoka: umesemwa na mtu sokoni, au tumeupima wenyewe. Usio na mwenyewe unageuzwa kuwa swali kabla ya kikao. Hati inarudi kuwa na alama za kuuliza, na kelele zimerudi. Bado tunaokoa muda, maana hatuanzi na karatasi tupu.

Jambo moja zaidi kwa wanaotaka kujaribu. Maelezo tunayoipa mashine hatuweki majina, namba za simu wala vitambulisho vya wakulima. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Na hata isingekuwepo, mtu aliyekuambia anadaiwa kiasi gani hakukuambia ili umpelekee mgeni.

Ukiwa na timu, wiki hii chukua hati yenu iliyo nadhifu kuliko zote, uulize kila mstari: nani alisema hivi? Mkikosa jibu, fungeni kompyuta mwende sokoni.